Kopo la Biskuti na Viti Kumi na Viwili

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu nikikupigia simu unaniitikia kwa sauti inayofika mpaka kwa kinyozi, na nililo nalo leo sitaki kinyozi alijue. Mimi ni mzima. Mwambie Mama nakula, nalala, na ile blauzi nimeibana kiunoni kama alivyotaka, maana najua ataanza na hayo. Wewe nawe meza vidonge vyako vya presha, usivifiche kwenye kikopo cha vifungo. Mama keshaniambia.

Sasa yangu. Huu ni mwaka wa sita niko kiwanda cha biskuti, ukumbi wa kufungasha. Biskuti zinakuja kwenye mkanda kutoka oveni, sisi tunazipanga ndani ya makopo, tunafunika, tunabandika nembo. Wanawake arobaini, saa tisa kwa siku, wote wima. Mwaka jana tulilalamika kuhusu miguu, vikaletwa viti kumi na viwili vya chuma, vikapangwa ukutani chini ya saa. Siku hiyohiyo mpiga picha naye akaletwa. Wenzetu kumi na wawili wakaambiwa wakae wacheke, wakakaa, wakacheka. Picha moja ikatundikwa getini, nyingine ikapelekwa ofisi ya kazi. Mpiga picha alipoondoka wakaambiwa wasimame. Tangu hapo anayekaa anaandikwa. Msimamizi wetu hutembea na daftari kubwa kwapani, ndiyo maana tunamwita Bwana Daftari. Ukiandikwa mara tatu unakwenda nyumbani moja kwa moja.

Jirani yangu mezani ni dada wa miaka hamsini na sita tunayemwita Kifuniko, kwa kuwa kazi yake ni kukandamiza vifuniko. Ikifika alasiri miguu yake imevimba mpaka kamba za ndara zimezama. Wiki iliyopita alikaa ili ameze dawa, akaandikwa. Sasa ana mara mbili.

Nataka ushahidi. Simu tunaziacha getini, na anayekutwa na simu au kamera ndani anafukuzwa palepale. Lakini ukumbi wetu umejaa makopo, Mjomba, na nakumbuka nilipokuwa mdogo ulitoboa kopo la maziwa ukaniambia sasa lina jicho. Nifundishe kutengeneza lile kopo.

Mpwa wako.


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu mbishi,

Marahaba. Barua yako imefika, ila mama yako aliisoma kabla yangu. Aliifungua kwa kisu cha vitunguu, akasema anwani haikueleweka vizuri. Kwa hiyo siri yako imeshakuwa ya watu watatu. Yeye ni mzima, anakohoa kidogo asubuhi, na anasema blauzi isibanwe sana. Vidonge nameza. Kile kikopo cha vifungo kimehamishwa, sijui kiko wapi.

Kuhusu ulilouliza, jibu ni hapana. Mimi na kamera tuliachana zamani. Studio yangu sasa ni stoo ya magunia ya mkaa, na harufu ya mkaa nimeizoea. Usiniulize kwa nini. Picha haisaidii mtu. Wao wana yao, wewe utapeleka yako, na kati ya mbili itaaminiwa ile yenye fremu.

Mama yako anasema niandike kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami naongeza: ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Vumilia, tafuta kazi nyingine polepole, usijitie kwenye moto wa watu.

Mjomba wako.

Nimesahau: kopo la maziwa lilikuwa dogo mno kwa kazi unayoisema.


Tarehe 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na kikohozi cha Mama kikoje? Mwambie anunue dawa, asitegemee maji ya moto. Na kama anaisoma hii kabla yako, shikamoo Mama, kisu cha vitunguu kinaacha harufu.

Nimeinama miaka sita kutafuta cha mvunguni, na mgongo umenijulisha kwamba mvunguni hamna kitu. Sasa nataka kukaa. Usiponifundisha nitajifundisha. Nimeshaanza: nimechukua kopo la biskuti la nusu kilo, nimelitoboa, na upande wa pili nimebandika ile karatasi ya mafuta tunayotandika chini ya biskuti. Nimejifunika blanketi kichwani, nikalielekeza dirishani. Dirisha la jirani likatokea kwenye karatasi, miguu juu, na nguo zake zilizoanikwa zikipepea kuelekea mbinguni. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ninachokosa ni karatasi ya picha, na najua wewe hujaitupa yako.

Kuna jambo sikukwambia. Nimeandika malalamiko mapya ofisi ya kazi, kwa jina langu kamili na sahihi yangu. Nimepewa barua ya onyo. Tarehe 25 Juni afisa kazi atasikiliza pande mbili, na kiwanda kitaleta ile picha ya kucheka. Mimi nisipoleta kitu, nitaonekana mwongo niliyechafua jina la kiwanda, na kazi imekwisha. Wenzangu wanaogopa kunitolea ushahidi. Siwalaumu, wana watoto.

Halafu lingine. Unasema nisikuulize kwa nini uliachana na kamera. Sikuulizi. Ila mimi najua picha inavyodanganya, kwa sababu niliwahi kukaa kwenye dawati siku moja, nikiwa darasa la tatu. Mstari wa pili, upande wa dirishani. Sisemi zaidi.

Mpwa wako.


Tarehe 28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Si posta, ni mimi. Mama yako ameipata dawa, kikohozi kimepungua, ulimi haujapungua.

Sikujua kwamba unakumbuka. Kwa kuwa umelianzisha, acha nilimalize. Asubuhi ile lori lilileta madawati arobaini shuleni kwenu. Waliokuwa wameyaahidi walinikodi nipige picha ya watoto wamekaa. Mkakaa. Nikawaambia mnyooshe migongo, nanyi mkanyoosha. Saa nane mchana lori lilelile likayapakia tena kuyapeleka shule nyingine, kupigwa picha nyingine. Nilikuwa nakunja miguu ya kamera yangu, nikawaona mnarudi kukaa sakafuni. Sikusema neno. Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na ipo mpaka leo ofisini kwa mwalimu mkuu, jina langu pembeni. Kila nilipoikumbuka niliona aibu, na mwisho nikaleta mkaa studio.

Nimeifikiria barua yako wiki mbili. Kamera yangu iliona kufumba na kufumbua, halafu ikaapa kwamba ndiyo siku nzima. Ya kwao getini imefanya hivyohivyo. Wewe ukiingiza simu ukapiga viti vitupu, watasema ni dakika moja tu, watu walikuwa chooni. Lakini kopo lenye tundu la sindano haliwezi kuharakishwa. Ndani ya ukumbi litahitaji saa nyingi. Mwanga unaingia kidogokidogo, na kila kinachosogea kinafutika. Anayekimbia haonekani. Kinachokaa pale siku nzima ndicho kinachobaki. Liache lianze mnapoanza kazi, lifunge mnapotoka, tuone viti vyao vinasemaje.

Fanya hivi. Kopo lako ni zuri, ila ndani linang'aa, na mng'ao utaharibu kila kitu. Kwangua masizi ya sufuria, changanya na gundi ya unga wa ngano, paka ndani mpaka kwenye kifuniko. Toboa ubavu kwa msumari. Kisha kata kipande cha kopo la soda, ukubwa wa stempu, ukilaze juu ya gazeti, utoboe kwa sindano nyembamba uliyo nayo, ncha tu. Usisukume, zungusha. Sugua kwa msasa laini mpaka usisikie kingo kwa kidole. Kibandike kwa ndani, juu ya tundu la msumari, kwa utepe mweusi wa fundi umeme. Kipande kingine cha utepe kwa nje ndiyo kope ya jicho: ukikibandua limefunguka, ukikirudisha limelala.

Nimekuwekea karatasi kumi ndani ya bahasha nyeusi. Zimepitwa na wakati, kama mimi. Usiifungue mahali penye mwanga hata wa ufa. Ingia chumba kisicho na dirisha, jifunike mablanketi mawili, weka karatasi mkabala na tundu, uso unaoteleza ulitazame tundu. Zungushia kifuniko utepe, na baada ya kazi nitumie kopo kwa posta hivyohivyo, lisifunguliwe. Picha nitasafisha mwenyewe. Magunia nimeyatoa studio. Mama yako anauliza kwa nini mkaa uko sebuleni, nimemwambia akuulize wewe.

Mjomba wako.


Tarehe 20 Aprili

Mpwa,

Nyumbani wazima. Kopo la kwanza limefika, nimelisafisha, limetoa ukungu mtupu.

Umetoboa kwa sindano gani, ya kushonea magunia? Tundu hilo punje ya mchele inapita bila kuinama. Na ndani hukupaka masizi, umepaka dawa ya viatu. Nimeinusa. Mafuta yake yamelowanisha karatasi. Nilisema masizi nikiwa na maana ya masizi. Mama yako anasema tangu utotoni ulikuwa ukipenda njia za mkato, hasa za kuoshea vyombo.

Rudia.

Mjomba wako.


Tarehe 14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, mwambie vyombo nilikuwa naosha vizuri, sahani zake ndizo zilikuwa na mafuta ya ukaidi. Namshukuru kwa soksi. Nimezivaa kazini, zinabana miguu vizuri.

Kopo la pili nililitengeneza kwa masizi, kwa sindano ya kushonea vifungo, na kwa adabu zote. Ukilitazama huwezi kulitofautisha na makopo mengine, na hapo ndipo nilipojikwaa. Nililiweka kwenye rafu ya mwisho wa mkanda, tundu likitazama viti. Nikabandua utepe, nikaenda mezani kwangu. Saa nne asubuhi nikageuka kulitazama, halipo.

Anayepanga katoni aliliona limefungwa vizuri, akadhani limeshajazwa. Akalibandikia nembo, akalitia kwenye katoni na wenzake ishirini na watatu. Sisi katoni tunahesabu, hatupimi. Mchana lilikuwa limeshapakiwa kwenda madukani, na mimi nimesimama pale nikipanga biskuti.

Wiki mbili baadaye mteja akalirudisha. Kafungua kopo la biskuti kakuta giza, masizi, kitundu na karatasi moja isiyoandikwa kitu. Meneja akatuita sote tukasimama uani, akaliinua juu, akauliza ni nani. Bwana Daftari akalichukua, akachungulia ndani, akatoka na pua nyeusi. Akalitua chini taratibu, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Bosi, hili kopo limefanyiwa mambo. Hili mimi siligusi."

Mjomba, wameamua ni uchawi. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kamera. Karatasi ilikuwa imeshaungua kwa mwanga wao wenyewe walipofungua. Tulipekuliwa mifuko siku nne, wakitafuta sijui hirizi gani, kisha wakachoka. Kilichobaki ni kwamba Bwana Daftari sasa akiona kopo limekaa peke yake analizunguka kwa mbali.

Kwa hiyo kopo la tatu nimeliweka peke yake. Kwenye rafu ya makopo yaliyobonyea, ambayo hayafungashwi, na nimelichora alama ya mkaa kifuniko kizima ili limtishe vizuri. Lilitazama viti tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Bwana Daftari alipita mbele yake siku nzima. Hakuligusa mtu.

Hilo ndilo lililo ndani ya kifurushi hiki. Nimeogopa sana mwezi huu, nakiri. Lakini hofu yenyewe imeanza kunichosha, na mtu akichoka hofu ni hatari.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Mei

Mpwa wangu,

Sisi wazima, na kwa mara ya kwanza mwaka huu mimi na mama yako tumekaa siku mbili bila kugombana. Habari ya pua nyeusi nimemsomea mara tatu. Mara ya tatu alilazimika kushika meza.

Sasa sikiliza. Niliwasha taa nyekundu, nikaitia karatasi yako kwenye dawa, nikaanza kuhesabu. Nilipofika arobaini hakuna kitu. Nilipofika sitini, miguu ya viti ikaanza kutokea. Mpwa, sikuwa nimeona picha ikizaliwa kwa miaka kumi na nne. Nilimwaga dawa kwenye ndara.

Viti vyote kumi na viwili vimo. Vimekaa wazi, na kila ufito wa mgongo wa kiti unahesabika. Kwenye meza, walipo watu, kuna ukungu tu kwa usawa wa kiuno. Na saa ya ukutani imetoka na namba zote, ila haina mishale, imefutika kwa kuzunguka. Ndiyo sahihi ya siku nzima hiyo. Hakuna picha ya dakika moja inayoweza kutoa saa isiyo na mishale.

Picha ya kopo hutoka rangi kinyume, kwa hiyo nimeigeuza kwenye karatasi nyingine ili nyeupe iwe nyeupe na nyeusi iwe nyeusi. Nimekutumia nakala tatu, pamoja na kopo lako. Moja ya afisa, moja yako, na moja ifiche mahali ambapo hata wewe utapata taabu kupakumbuka.

Nenda nayo. Usiinamishe kichwa.

Mjomba wako.


Tarehe 2 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na Mama pia. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na neno zuri la kuandika. Sasa ninalo, au nadhani ninalo, liko ndani ya kopo ninalokutumia pamoja na barua hii.

Tarehe 25 tulikwenda. Afisa kazi ni mwanamama wa makamo, mkimya, anaandika kwa penseli. Nilimweleza kopo, tundu, saa isiyo na mishale. Akaitazama picha muda mrefu. Meneja akasema, "Mheshimiwa, huu ni ukumbi mtupu. Imepigwa Jumapili. Siku za kazi viti vile ni vya wafanyakazi, anayetaka kukaa anakaa, hata saa hii." Nikasema watu walikuwapo ila walikuwa wanatembea. Akacheka. Afisa akaniambia, "Binti, ni vigumu kuamini kamera isiyoona watu. Kama inaona, nioneshe watu." Akaahirisha mpaka tarehe 16.

Nilitoka pale nimenuna. Kifuniko alikuwa amenisindikiza, amekaa kwenye ngazi akisugua magoti. Nikamrudishia maneno yote. Akauliza, "Alisema anayetaka kukaa anakaa? Mbele ya serikali?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mimi kesho nataka."

Haikuwa kesho, ilikuwa Jumatatu, lakini ilikuwa. Tulichagua kumi na wawili, wale wenye miguu mibovu na wale wakubwa kwa umri. Haikufaa kupokezana, kopo lingewafuta. Saa mbili asubuhi walivuta viti mezani, wakakaa, wakaanza kupanga biskuti kama kawaida. Kopo lilelile nililiweka waziwazi juu ya rafu ileile, nikabandua utepe mbele ya macho ya Bwana Daftari.

Akawaambia wasimame. Kifuniko akamjibu bila kuinua kichwa, "Bosi wako alisema tukae. Mwulize." Akaenda, akarudi, akaanza kuandika. Akawaandika wote kumi na wawili. Akaenda mwisho wa ukumbi, akarudi, akawaandika tena. Kufikia saa sita kila mmoja alikuwa na mara tano. Meneja alikuja akasimama mlangoni. Biskuti zilikuwa zinashuka, makopo yanajaa, na kama angewafukuza kumi na wawili mkanda ungesimama. Akaondoka. Kwenye saa tisa kalamu ya Bwana Daftari ikaisha wino, akaomba kalamu kwetu. Hakuna aliyekuwa nayo.

Kifuniko hakunyanyuka ila mara moja, kwenda chooni. Alikaa ameshupaa kama anapigwa picha ya kitambulisho. Jioni nilirudisha utepe. Sijui kama kopo limeona kitu. Kama halikuona, tarehe 16 tunaondoka wote kumi na watatu.

Mpwa wako.


Tarehe 10 Julai

Mpwa wangu,

Nakala ziko humu, kopo linafuata. Nimezituma kwa njia ya haraka, kwa malipo ya ziada, na mama yako ndiye aliyebeba bahasha mpaka posta, hakuniamini. Hatukohoi, hatuumwi.

Wamo. Wote kumi na wawili. Nyuso zimefifia kidogo na mikono yao imegeuka moshi, kwa sababu ilikuwa kazini, lakini mabega, migongo na magoti yamejaa kwenye viti. Huwezi kuona tena ule ufito wa mgongo wa kiti, kuna mtu mbele yake. Saa ni ileile, haina mishale. Ziweke picha mbili pamoja mbele ya afisa: kopo moja, rafu moja, ukumbi mmoja. Alitaka watu, watu hao. Kama kopo liliwaona hawa, basi ile siku ya kwanza viti vilikuwa vitupu kwa sababu vilikuwa vitupu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwao imeishia kwenye bati.

Nadhani nimemtambua Kifuniko. Wa nne kutoka kushoto, shingo imenyooka.

Nilimtafuta Bwana Daftari kwa lenzi kubwa, kona kwa kona. Umesema alipita mbele ya kopo kutwa nzima, akiandika. Hayumo. Hata kivuli cha daftari hakimo.

Nina jambo langu pia. Jana nilivaa koti, nikaenda shuleni kwenu. Nilimwomba mwalimu mkuu aiteremshe picha ya madawati. Akasema ni historia ya shule. Nikamwambia basi acha tuikamilishe. Nikatoa kalamu ya wino mzito, nikaandika juu ya kioo, chini ya jina langu: Madawati haya yaliondoka saa nane mchana, siku ileile. Alinifokea. Sikio langu bovu ndilo lililokuwa upande wake. Akisafisha kioo nitarudi kuandika tena, nina kalamu boksi zima.

Ila wewe sikukuona kwenye picha ya viti. Nimetafuta. Ulikuwa wapi?

Mjomba wako.


Tarehe 24 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Mama asilie, nimesikia kwa kinyozi kwamba analia. Ndiyo, namba ya kinyozi ninayo.

Afisa aliziweka picha mbili juu ya meza, moja kando ya nyingine, akaandika kwa penseli yake. Kisha akamwuliza meneja, "Na hii nayo ni Jumapili?" Meneja akaangalia dirishani. Tumepewa karatasi yenye mhuri: viti vikae mezani, si ukutani, na majina ya waliokaa yafutwe. Barua yangu ya onyo imefutwa pia. Wamesema watakata rufaa. Wakate. Kopo nimelipaka masizi mapya, na karatasi zimebaki sita.

Bwana Daftari yupo bado. Daftari lake jipya ni dogo, la mfukoni, na juzi nilimwona amekaa kwenye ngazi za stoo akijikanda miguu. Nilimpelekea kiti. Alikitazama sana kabla ya kukaa.

Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwapo tangu asubuhi mpaka jioni, Mjomba. Viti vilikuwa kumi na viwili, na mimi nilikuwa nimesimama, napeleka makopo meza hadi meza ili wao wasinyanyuke. Ndiyo maana kopo halikuniona. Nawe hukuwamo kwenye picha ya madawati, ingawa ulikuwapo.

Leo mkanda umekwama, fundi yuko chini yake na bisibisi, na viti vipya vimeletwa arobaini. Saa ya ukutani inasema saa nane mchana. Barua hii nakuandikia humuhumu ukumbini, nimekaa.

Mpwa wako.